Korido ya Dakika Nne

Filamu yenyewe ilikuwa mbaya. Nalisema hili mapema na kwa utulivu, ili asitokee mtu wa kunilaumu kwamba nilimwita mama yangu mzazi kutoka Bahi aje kuangalia kitu kizuri.

Ilitokana na gemu. Na gemu lilikuwa la kutisha kweli, hilo nalitolea ushahidi. Mimi na kaka yangu Ernest tulilicheza kwenye banda la Dada Mishi pale Bahi, jirani na stesheni, yeye akishika pedi na mimi nikishika shati lake. Unaingia peke yako kwenye nyumba yenye korido zisizoisha. Una tochi, na betri inakwisha. Kanuni ni moja tu: usigeuke nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa wiki nzima nilikwenda chooni nikirudi kinyumenyume, kwa sababu ukirudi kinyumenyume huna haja ya kugeuka.

Waliotengeneza filamu walichukua ile nyumba wakaingiza watu sita wazuri wa sura wanaoongea bila kupumua. Zimwi walilionyesha dakika ya kumi, mchana kweupe, linafanana na mtu aliyejimwagia uji. Dunia nzima ilikataa. Hapa kwetu, banda umiza la kuonyeshea filamu pale Bahi liliikataa kwa maganda ya karanga. Na pale katikati, mahali ambapo katika gemu roho ilikuwa inataka kutoka, filamu iliweka msichana anayetembea kwenye korido kwa dakika nne. Anatembea tu. Hakuna muziki, hakuna zimwi, hakuna chochote.

Lakini tafsiri ya Kiswahili juu yake ilikuwa ya Ernest.

Kaka yangu ni DJ wa kutafsiri filamu. Aliacha shule kidato cha nne, wiki mbili kabla ya mtihani, akaenda Dodoma mjini kukaa mbele ya maiki na kuwasemea Wazungu na Wachina. Mama alikuwa ameshaamua kwamba atakuwa daktari wa mifugo. Alishawaambia wanakwaya wenzake. Nadhani alishawaambia hata ng'ombe. Habari zilipomfikia alisema maneno machache: "Mtoto anayeacha mtihani kwenda kupiga kelele juu ya sinema za watu, mimi simjui." Kesho yake, kisimani, mwanamke mmoja alimwita Mama Ernest kama alivyoitwa miaka yote. Akajibu, "Naitwa Mama Sila."

Sila ndiyo mimi. Nilipandishwa cheo bila usaili. Nilikuwa mtoto wa pili, nikalala, nikaamka mtoto wa kwanza, na sijawahi kupewa kitu nilichotamani kukirudisha kama hicho.

Hapa inabidi nikiri kosa, na naomba lisomwe kwa sauti ya chini. Wakati ule nilikuwa naweza kuiga sauti ya Mama, kikohozi chake kidogo cha kabla ya neno la kwanza, vyote. Bwenini walinifahamu kwa kipaji hicho. Likizo ya Juni mwaka jana, mpunga ukiwa umevunwa, nilichukua simu ya Mama alipokuwa anaoga, nikampigia Ernest. "Ernest, mwanangu. Njoo tule wali mpya."

Akaja. Alikuja asubuhi ya Jumapili na kitenge kwenye mfuko na shati alilolipiga pasi mpaka likawa kama karatasi. Mama alifungua mlango, akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Nani kakuita?"

Ernest aligeuka akaniangalia mimi. Nilijitahidi kuwa na uso wa mtu asiyehusika, lakini uso wangu haujawahi kunisaidia. Aliweka kitenge juu ya kinu, akaenda zake kituoni. Nilimfuata nikikimbia. Akasema bila kupunguza mwendo, "Siku Mama akiniita mwenyewe, nitakuja. Wewe, Sila, usinipigie tena."

Ilipita miezi kumi na moja.

Basi mwezi wa tano, rafiki yangu Anthony alirudi kutoka mjini na flashi yenye filamu ile. Tuliiangalia kwenye kompyuta ya maabara, wakati ambao ratiba inasema tulikuwa tunapima tindikali. Nilipomsikia Ernest nilicheka kwanza. Alikuwa ameiweka ile sauti nzito ya kazi, "DJ Nyika ndani ya nyumba!", kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Tukafika kwenye korido. Kwa kawaida DJ akikuta mahali pasipo maneno anapajaza na utani wake mwenyewe, ndiyo kazi. Katika filamu nzuri nafasi hizo ni sekunde tatu, nne. Hapa alipewa dakika nne nzima. Utani wake ukaisha kwenye dakika ya kwanza, na sauti ya pipa nayo ikaisha. Akabaki Ernest anaongea. Aliongea juu ya nyumbani.

Anthony alisema, "Huyu DJ kachoka." Mimi nilikuwa naangalia tindikali.

Usiku ule sikulala, nikapanga. Mama hamiliki televisheni na hajawahi kukanyaga banda umiza. Ningemwambia kwamba mwanawe anamsema kwenye filamu, angejibu kwamba nimeanza tena. Ilibidi amsikie bila kuambiwa. Na mahali pekee ambapo Mama angekuja, akakaa na asiweze kuondoka kwa sababu ya heshima, palikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu. Jina la shule nalihifadhi kwa heshima ya nembo yake.

Niliandika barua kwa Mwalimu Ulimboka, mwalimu wa nidhamu, nikiomba klabu ya filamu ioneshe "filamu yenye mafundisho kuhusu hatari za kuingia katika nyumba za watu bila kubisha hodi." Aliisoma mara mbili. Alitafuta mtego, hakuuona, akasaini. Nafikiri mpaka leo hajajisamehe.

Jumamosi ya siku ya wazazi Mama alifika saa saba mchana, nyuma ya pikipiki ya Hashimu, bodaboda wa Bahi, amekumbatia kapu lenye kuku na wali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda, au hilo shati ni la mtu?"

"Ni langu, Mama. Nimerefuka."

"Na sauti hiyo?"

"Imevunjika tangu Machi."

"Hm," alisema, akaniangalia kama mtu aliyeletewa saizi ambayo hakuagiza. "Haya. Mkuu wa shule yuko wapi nimsalimie, halafu nikakae kivulini na Hashimu."

"Kuna filamu bwaloni, Mama. Wazazi wote wanaingia."

"Mimi sinema siangalii."

"Mama Sila, ingia tu," alisema Hashimu, ambaye alikuwa tayari amevua kofia ngumu na kunusa kapu. "Mimi nitakulindia hili."

"Ndiyo maana siingii," alisema Mama. Akabeba kapu lake, akaingia nalo.

Tulikuwa tumetundika mablanketi madirishani ili pawe giza. Palikuwa giza kweli, na joto la kuivisha mkate. Wazazi walikaa mbele, wanafunzi nyuma, projekta juu ya meza ya uji. Mama alikaa safu ya tatu pembeni, kapu magotini. Mimi nikakaa ubavuni kwake, karibu na spika, kwa kisingizio cha ufundi.

Ernest akaanza. "DJ Nyika ndani ya nyumba!"

Mama hakushtuka. Baada ya muda akaniinamia. "Huyu anayepiga kelele ana mafua?"

"Ndivyo wanavyoongea, Mama."

"Anywe tangawizi."

Nilianza kuogopa. Sikuwa nimefikiria kwamba mama anaweza kusikia mafua ya mtu na asimsikie mtu.

Filamu iliendelea kuwa mbaya kwa bidii. Zimwi lilipotokea, Erica wa kidato cha nne alisimama. "Jamani, hilo si zimwi, ni mtu kamwagikiwa na uji wa hapa!" Bwalo likalipuka. Wapishi walikasirika. Kuanzia hapo hakuna aliyesikiliza. "Badilisha!" "Weka ya ngumi!" "Anthony, chomoa hiyo takataka!" Mzazi mmoja aliuliza kwa upole kama chakula kiko tayari. Na mimi naangalia saa. Korido inakuja. Zimebaki dakika tatu, mbili, moja. Msichana akashika tochi, akafungua mlango, akaanza kutembea, na bwalo zima lilikuwa linapiga meza.

Sauti ya Ernest ilikuwa chini ya kelele zile kama mtu aliyedondoka kisimani.

Nilisema, "Nyamazeni." Nikasema tena. Mtu akanirushia kandambili. Ni haki, mtu aliyewahi kutia chumvi kwenye ndoo ya sukari ya bweni zima hawezi kuomba kusikilizwa. Hapo ndipo nilipopanda juu ya benchi, nikaweka mikono nyuma, nikatoa sauti yangu mpya yote.

"Ndugu mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi! Naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu Mzee Mustapha, mpishi wa kwanza wa shule hii!"

Wakasimama.

Hakuna Mtanzania atakayekaa akiambiwa asimame kumkumbuka marehemu. Hata kama hamjui. Hata kama ana kandambili moja mkononi. Mabenchi yaliguna mara moja, kisha kimya. Madam Cecilia, mkuu wetu wa shule, alivua miwani. Mwalimu Ulimboka aliinamisha kichwa na kukunja ngumi pembeni mwa suruali, kiaskari. Hashimu, aliyekuwa anachungulia mlangoni, aliweka kofia ngumu kifuani. Watu mia tatu walisimama gizani vichwa chini, na ukutani msichana yule anatembea, na Ernest anaongea.

"...basi hapa watazamaji huyu dada anatembea tu. Nimeangalia mara sita, hakuna kitu mpaka mwisho wa korido. Tupige stori. Kwetu Bahi mwaka huu maji yamejaa. Nasikia kambale wanaokotwa barabarani. Sijaona, nasikia kwa watu wanaoshuka kwenye basi, huwa nakwenda stendi nawauliza. Mama yangu ana jaruba karibu na reli. Akipandikiza mpunga anaimba. Anaimba sauti ya pili, kwa sababu kwenye kwaya yeye ni wa sauti ya pili. Sasa mimi nikiwa mdogo nilikuwa namsikia yeye peke yake. Nilivyokwenda kanisani nikasikia wimbo mzima, nikalia. Nikasema wameuharibu wimbo wa Mama."

Sikuthubutu kumwangalia. Niliangalia kapu. Kapu lilikuwa halitikisiki.

"Bado anatembea. Hii nyumba kubwa, jamani. Watu wananiuliza, DJ, mbona kwenu huendi? Nilikwenda. Nikaulizwa nani kakuita. Ni swali zuri, sikuwa na jibu. Mama, sinema hii hutaiona, najua, na hata ukiiona ni mbaya, usimlaumu anayetafsiri. Mtihani nilikuwa naogopa. Sikukwambia. Nilikuwa najua sitafaulu, nikaona bora niondoke unikasirikie kuliko nibaki unionee huruma. Hilo ndilo nilitaka kusema. Tochi inazimika. Haya... haya watazamaji, kaa chonjo, ZIMWI HILOOO!"

Na zimwi likatokea, na kwa mara ya kwanza katika historia ya filamu ile watu walipiga mayowe, kwa sababu walikuwa wamefumba macho.

Dakika moja ya ukimya ni lazima aifunge yule aliyeifungua. Mimi sikuifunga. Nilisahau. Walikuwa wamesimama dakika tatu nzima, na walipokaa walikuwa na uso wa watu waliofiwa kweli. Ndipo safu ya kwanza akainuka mzee mmoja mfupi mwenye kanzu na baraghashia, akasema kwa lafudhi ya Kondoa, "Samahani. Huyo Mustapha mpishi ni yupi? Maana mpishi wa kwanza hapa nilikuwa mimi."

"Lakini umesimama, Mzee," alisema Madam Cecilia.

"Nilidhani ni Mustapha mwingine. Nikasema maskini, Mungu amrehemu."

Mwalimu Ulimboka alianza kuinua kichwa chake taratibu, akitafuta benchi langu. Lakini benchi langu lilikuwa tupu, kwa sababu Mama alikuwa ametoka nje na mimi nilikuwa nyuma yake.

Alisimama kwenye tangi la maji. Kapu alikuwa bado amelikumbatia.

"Ulijua?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Nipe namba."

"Unayo."

"Niliifuta. Nipe namba, Sila."

Nilimtajia kwa kichwa. Aliipiga polepole, tarakimu moja moja, akaweka simu kwenye spika kwa sababu hapendi kuibandika sikioni. Iliita mara tano.

"Haloo." Ilikuwa sauti yake ya kawaida, bila pipa.

Mama alikohoa kidogo. "Ernest, mwanangu. Njoo nyumbani."

Ernest akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Sila. Nilikwambia nini? Leo siku ya wazazi shuleni kwenu, nimesikia stendi, simu ya Mama unayo wewe. Umefanya mazoezi, lakini. Hata kikohozi umekipata vizuri zaidi."

"Mimi si Sila. Mimi ni mama yako."

"Acha, dogo. Inauma, bwana."

Nikaipokonya simu. "Kaka! Sikiliza, huyo ni Mama kweli, Sila ndiyo mimi hapa!"

"Wewe nani?"

"Sila!"

"Sila namjua sauti yake," alisema kaka yangu, aliyeninunulia kalamu yangu ya kwanza. "Mzee, sijui umelipwa nini na huyo mtoto, lakini mwambie aache." Akakata. Tulipopiga tena, mama wa kwenye mtandao alituambia mteja hapatikani, na yeye peke yake siku ile ndiye aliyeaminika.

Nilikaa chini kwenye zege la tangi. Nimewahi kuchapwa mbele ya shule nzima nikatabasamu. Pale sikuweza. Miezi kumi na moja sauti yangu ilikuwa imeondoka na kurudi nyingine, na mtu niliyetaka aisikie kuliko wote alikuwa ameniita mzee.

Mama aliifuta simu kwa khanga, akaiweka kifuani. "Anakaa wapi?"

Hapa nakiri kosa la pili, na hili sijutii. Nilikuwa najua anapokaa. Nilikuwa nimeshaiangalia filamu ile mara nne. Lakini nilisema, "Huwa wanataja mwishoni, Mama. Filamu ikiisha."

Tukarudi. Bwalo lilikuwa linamwagikia nje, watu wameshasikia harufu ya pilau. Anthony alikuwa ameacha projekta inawaka, akaenda kupanga foleni. Tulikaa peke yetu, benchi la mbele kabisa, dakika arobaini na tano. Naamini ni watu wawili tu duniani walioimaliza filamu ile kwa hiari, na mmoja alikuwa mwanakwaya wa Bahi.

Mama hakuangalia picha sana. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika. Ernest alipotania, alitikisa mabega kidogo. Ernest alipokohoa, aliguna. Mara moja tu aliuliza kuhusu filamu.

"Hilo zimwi linataka nini hasa?"

"Halitaki watu watoke ile nyumba, Mama. Linawapenda, lakini linawatisha."

"Si lingesema."

"Halina mdomo, Mama. Wamelipaka uji."

Hakucheka. Akasema, "Mimi ninao," akarudisha kichwa upande wa spika mpaka mwisho.

Majina yalipoanza kupanda, Ernest alirudi ndani ya pipa. Alisema studio yake ipo Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu, uliza DJ Nyika. Mama alirudia maneno hayo kwa midomo bila kutoa sauti. Nikatamani filamu iwe na sehemu ya pili hapo hapo, mbaya zaidi, yenye korido ya saa nzima.

Nje, Hashimu alikuwa anamaliza sahani ya pilau.

"Tunakwenda Dodoma," alisema Mama.

"Mama Sila, mjini? Na pikipiki hii? Trafiki wakiona taa yangu watanifunga mimi na wewe na taa."

"Nifikishe lami nipande gari. Na ukiniita, niite Mama Ernest."

Hashimu aliniangalia. Mimi niliangalia juu, kama mtu anayekadiria mvua. Mama alifungua kapu, akanipa shingo, mgongo na bawa moja, akafunga. Mapaja yalibaki ndani. Kwa miaka mitatu mapaja yalikuwa yangu, na sijawahi kunyang'anywa nyama kwa furaha kiasi kile.

"Nije na mimi, Mama? Nitakuonyesha mlango."

"Wewe una mtihani." Aliupanda ule usafiri upande upande, akajifunga khanga. Kisha akanishika kidevu, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu darasa la nne. "Kama hataki kuamini sauti, ataniona."

"Na akikuuliza nani kakuita?"

Alifikiri. "Nitamwambia sijaitwa. Nimekuja tu."

Mwalimu Ulimboka alikuwa ananisubiri getini na fyekeo. Adhabu ilikuwa ni majani yote ya uzio wa mbele, pamoja na kumwomba radhi Mzee Mustapha kwa kumuua. Nilipokea vyote kwa mikono miwili. Uzio wa mbele ndio unaoangalia barabara.

Niliwaona wakishuka kwenye vumbi mpaka lami. Hapo, ukikata kushoto ni Bahi, kulia ni Dodoma. Pikipiki ilisimama. Ikapisha lori la ng'ombe, na nikaona Hashimu anaongea kwa mikono miwili, anakataa kitu, na Mama ananyoosha mkono mmoja tu. Pikipiki ikakata kulia, ikaenda naye mpaka mjini, taa na vyote.

Walipopotea nilibaki nimeshika fyekeo, nikijaribu kuitoa ile sauti niliyokuwa nayo kabla ya Machi, ile nyembamba ambayo Ernest anaijua. Nilijaribu kwa jina lake. Ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

"Unalalamika nini?" aliuliza Mwalimu Ulimboka.

"Silalamiki, Mwalimu. Naita."